Shangazi Futi na Milimita Kumi na Mbili na Nusu

Kiti kilifika gereji kabla ya gari. Kilikuwa kiti cha ofisini, cheusi, chenye mto mnene na magurudumu matano madogo, bado kimevikwa nailoni ya dukani. Bosi wa gereji alikisukuma mwenyewe kutoka langoni mpaka kwenye meza ya mapokezi, akakizungusha mara moja, akaubonyeza mto kwa kiganja, kisha akamgeukia shangazi yake.

"Chako hicho, Shangazi."

"Cha nini?"

"Cha kukalia. Umeinama miaka ishirini na mbili. Sasa pumzisha mgongo. Pokea wageni, pokea simu, andika nani kaleta gari gani. Magurudumu tuachie sisi."

Shangazi alikuwa amepiga goti mbele ya tairi la pikapu, anachomoa msumari kwa koleo. Hakuinuka. Alikitazama kile kiti kama mtu anavyomtazama mgeni aliyeingia bila hodi.

"Kina magurudumu matano," alisema, "na hata moja halina nati. Ndiyo maana umeona kitanifaa."

Mafundi waliokuwa wamelala chini ya magari walicheka, miguu tu ikionekana inatikisika. Bosi naye alicheka, lakini kiti hakukirudisha.

Hapo gereji kila mtu alimwita Shangazi Futi. Ushangazi ulikuwa wa damu: bosi ni mtoto wa marehemu kaka yake, na ndimi za mafundi ziliuzoea wito huo mpaka hata wateja wakaushika. Futi ilitokana na kamba ya kupimia aliyoivaa shingoni siku zote, ile laini ya washonaji, yenye sentimita upande mmoja na inchi upande wa pili. Kabla ya magurudumu, alikuwa fundi cherehani. Alishona sare za shule, suti za harusi na mashati ya watu wenye vitambi wasiokubali kwamba wana vitambi. Mteja akija na kumwambia, "Mimi navaa namba arobaini na mbili," yeye hujibu, "Namba ya kwenye kola si kifua cha mtu," kisha humzungushia futi.

Siku moja kaka yake alikosa mtu wa kumsaidia kutoa tairi la lori. Yeye alikuwa amemletea chakula. Akaweka bakuli chini, akashika mtaimbo, na mpaka chakula kinapoa tairi lilikuwa limetoka. "Wewe mkono wako hauogopi chuma," kaka alimwambia. Miezi mitatu baadaye cherehani ilifunikwa shuka, na haijafunuliwa mpaka leo. Mtaani walisema kachanganyikiwa. Mwanamke na matairi, mwanamke na grisi! Shemeji zake walikaa kikao kizima juu ya kucha zake. Yeye aliwasikiliza, akawashukuru kwa kuja, akaenda kazini. Waliochonga midomo wakati ule, leo magari yao yanapoyumba barabarani, wanajua pa kuyapeleka.

Lakini jana kulikuwa na tukio, na kiti kile kilikuwa mtoto wa tukio hilo.

Zahanati ya mtaa ina basi dogo moja la kubebea wagonjwa wa figo. Mara tatu kwa wiki huwapeleka hospitali kubwa kusafishwa damu na kuwarudisha. Ni watu kumi na wanne, na hakuna hata mmoja anayeweza kusema, "Leo sijisikii, nitaenda wiki ijayo." Ringi za basi hilo zilikuwa zimepasuka kwa uzee. Zikapatikana nne nyingine kutoka kwenye gari lililokufa, nzima, nzuri, matundu ya nati yanalingana. Tatizo lilikuwa moja: namba zake zote zilikuwa zimesagwa na mtu aliyezipaka rangi zamani, isipokuwa saba, yaani inchi saba za upana. Namba ya ofseti ilikuwa imefutika kabisa.

Ofseti si uchawi. Ndani ya ringi kuna uso bapa wenye matundu ya nati. Huo ndio unaokumbatiana na habu ya gari, yaani kile kitovu cha chuma gurudumu linapofungwa. Uso huo haukai katikati kabisa ya upana wa ringi, bali husogea kidogo upande. Umbali kutoka katikati mpaka kwenye uso huo ndio mafundi huuita ofseti. Ikizidi, gurudumu linazama ndani na kusugua vyuma vya chini ya gari. Ikipungua, linatokeza nje na kusugua madigadi, lile bati linalolifunika kwa juu. Hizo ni milimita tu, lakini tairi halijui neno "tu".

Ringi za zamani za basi zilikuwa na ofseti ya arobaini na nne. Iliandikwa kwenye chuma. Shangazi alizipima hizi mpya, akapiga hesabu kwenye daftari lake, akapata hamsini na sita na nusu. Kwa hiyo, alisema, zitazama ndani milimita kumi na mbili na nusu kuliko inavyotakiwa. Akamwendea mchonga vyuma, mzee mwenye mashine moja na maneno machache, akachongewa visahani vinne vya unene huohuo. Visahani hivyo, ambavyo gereji nzima huviita spesa, vilikaa kati ya habu na ringi ili kulisogeza gurudumu nje. Aliweka na bolti ndefu zaidi, akakaza, akalipitisha basi kwenye mzunguko wa uwanja. Halikusugua popote. Alijisikia vizuri mno siku ile, mpaka akawaonyesha watu visahani vile kama mtu anayeonyesha picha za wajukuu.

Jana habari za basi zilirudi kwa simu. Likiwa limejaa wagonjwa, kwenye matuta ya barabara kuu, tairi la nyuma kushoto lilianza kulia, likatoa moshi, na wagonjwa wakashushwa kando ya barabara kusubiri gari la kuazima.

*

Dereva wa basi alifika nalo saa tatu. Walimwita Kobe, kwa kuwa katika maisha yake yote hakuna aliyewahi kumwona akipita gari jingine.

"Shangazi, shikamoo."

"Marahaba, baba. Hawajambo abiria wangu?"

"Hawajambo. Yule bibi wa kiti cha mbele amesema moshi ule ulimkumbusha jiko la mama mkwe wake. Lakini Matroni…" Kobe alishusha sauti alipomtaja huyo muuguzi mkuu wa zahanati. "Matroni amewaka."

"Najua amewaka," alidakia Bosi. "Nilishika simu mimi. Unajua kasema nini, Shangazi? Kasema, 'Yule mama asiliguse tena gari langu.' Nimemwomba mpaka saa kumi leo. Atakuja mwenyewe. Kama basi halijapona, linavuka barabara kwenda gereji ile yenye kompyuta, na zahanati yote inakwenda nalo. Na wewe…"

Aliangalia kiti.

Shangazi aliinuka. Aliinuka kwa awamu, goti kwanza, halafu kiuno, halafu mabega, kama anavyoinuka mtu wa miaka hamsini na sita aliyeshinda sakafuni. Akajifuta mikono kwenye aproni.

"Sikia, mwanangu. Leo nitalipima upya. Nikishindwa, nitakaa kwenye kiti chako, na mto sitaulalamikia. Nitapokea simu mpaka masikio yaote sugu. Lakini nikiweza, hicho kiti utakalia wewe, na usinitajie tena mgongo wangu mbele ya watu. Sawa?"

"Sawa," alisema Bosi. Alikuwa anampenda shangazi yake. Alilelewa na mkono wake. Ndiyo maana hakuweza kumwangalia usoni.

Wakapiga jeki. Ukingo wa ndani wa madigadi ulikuwa umeng'aa kama kisu, na bega la tairi limeliwa mpaka nyuzi zinaonekana. Lilikuwa limetokeza nje mno. Jambo hilo halikuwa na ubishi.

"Kazi ndogo," alisema fundi wa bodi, jitu la miraba minne waliloliita Bonge. "Nipe nyundo. Nakunja huu ukingo kuingia ndani, napaka rangi, saa tano tunakunywa chai."

"Hata mimi nilifikiria hivyo," alisema Bosi haraka.

"Kiatu kikikubana, Bonge, unakata kidole?" Shangazi aliuliza.

"Inategemea kiatu cha nani."

"Toka hapa na nyundo yako."

Alivua gurudumu, akalitoa tairi kwenye ringi. Halafu akatafuta mahali pa kuilaza ringi kifudifudi bila kuikwaruza, na macho yake yakaangukia kile kiti. Akakivuta. Akailaza ringi juu ya mto, uso chini, mgongo juu. Ilikaa vizuri ajabu.

"Shangazi, nailoni!" Bosi alipiga ukelele.

"Si ulisema ni changu?"

Akaweka rula ndefu ya chuma juu ya mgongo wa ringi, kutoka ukingo hadi ukingo. Akashusha futi kutoka chini ya rula mpaka kwenye uso wa matundu ya nati. Milimita mia na arobaini na tano na nusu. Akafungua daftari. Ilikuwa vilevile siku ile. Inchi saba ni milimita mia na sabini na nane. Nusu yake themanini na tisa. Toa themanini na tisa kwenye mia na arobaini na tano na nusu: zinabaki hamsini na sita na nusu.

Akarudia. Hamsini na sita na nusu. Akamwita Kobe apige hesabu kwenye simu yake. Kobe alipiga polepole, kama alivyoendesha gari, akatoa jibu lilelile.

Saa tano ilipita. Mafundi walikwenda kunywa chai, wakarudi. Alipima ringi zote nne. Zote zilisema hamsini na sita na nusu, kama mashahidi waliopangwa. Na kama ringi zinasema kweli, na kutoa kunasema kweli, na mzee wa mashine alichonga unene sahihi (aliupima, ulikuwa sahihi), basi gurudumu lilipaswa kukaa mahali pake pa zamani. Lakini lilikuwa nje. Chuma hakisemi uongo. Madigadi lilikuwa limeng'aa.

"Labda basi limepinda," alisema Kobe kwa huruma.

"Labda," alisema Shangazi. Lakini hakuliamini. Kusingizia basi kulikuwa rahisi mno, na maisha yamemfundisha kwamba jawabu linalomfurahisha fundi kabla hajatoka jasho lichunguzwe mara ya pili.

Alikaa chini, akaegemea tairi. Saa sita na nusu. Bosi alipita, akamwona amekaa, akadhani amekubali yaishe, akafungua mdomo kusema neno la upole.

"Usiniambie pole," Shangazi alimkata. "Bado sijafiwa. Ringi za zamani za hili basi ziko wapi?"

"Tuliuza chuma chakavu."

"Zote?"

Bosi alijikuna kichwa. "Moja alichukua Mama Mwavuli."

*

Mama Mwavuli aliuza vocha za simu na karanga nje ya lango, chini ya mwavuli mkubwa ambao mti wake ulichomekwa katikati ya ringi kuukuu. Ringi ndiyo iliyouzuia mwavuli usiruke na upepo. Shangazi alipofika hakusalimia; alipiga magoti na kuanza kusugua ringi kwa kitambaa. Chini ya vumbi na maganda ya karanga namba ikatokea: arobaini na nne. Iliandikwa na kiwanda chenyewe.

"Jirani, naomba ringi yako kwa dakika kumi."

"Na mwavuli wangu utashikwa na nani? Jua lote hili! Karanga zitakaangika mara ya pili."

Shangazi aligeuka. Bosi alikuwa amemfuata mpaka langoni.

"Mwanangu, njoo ushike mwavuli."

"Mimi?"

"Unaona mwanangu mwingine hapa?"

Hivyo ndivyo mwenye gereji, akiwa amevaa shati lake jeupe la kukutana na Matroni, alivyosimama kando ya barabara amekumbatia mti wa mwavuli, huku Mama Mwavuli akimwelekeza, "Kushoto kidogo, baba. Hapo, kivuli kiingie kwenye vocha." Wapita njia wawili walimwuliza bei ya karanga.

Shangazi aliiviringisha ringi ile iliyopasuka mpaka kwenye kiti. Nia yake ilikuwa rahisi. Jibu la ringi hii analijua. Akiipima kwa namna ileile aliyopimia zile nyingine, lazima apate arobaini na nne. Kama mtihani ambao majibu yake yako nyuma ya kitabu.

Aliilaza kifudifudi. Rula juu, futi chini. Mia na arobaini na tano na nusu. Ringi imeandikwa inchi saba. Nusu ni themanini na tisa. Akatoa.

Hamsini na sita na nusu.

Alitazama namba iliyoandikwa kwenye chuma: arobaini na nne. Alitazama namba iliyoandikwa na mkono wake: hamsini na sita na nusu. Tofauti yake ilikuwa kumi na mbili na nusu. Unene wa visahani vyake, bila kuzidi wala kupungua.

Hapakuwa na ubaya kwenye ringi. Hapakuwa na ubaya kwenye basi. Ubaya ulikuwa kwenye upimaji wake, na alikuwa amelirudia asubuhi nzima, kwa uangalifu mkubwa, kosa lilelile.

Kosa lilikuwa wapi? Alivua futi shingoni, na mikono yake, bila kuambiwa, ikafanya kile ilichofanya miaka yote ya cherehani. Haikuuliza namba ya kwenye kola. Iliweka kichwa cha futi kwenye ukingo wa nje wa ringi, ikavuta mpaka ukingo wa nje wa upande wa pili, rula moja imelazwa juu ya ringi na nyingine chini yake.

Milimita mia mbili na tatu.

Si mia na sabini na nane. Mia mbili na tatu! Ile saba iliyoandikwa kwenye ringi huhesabiwa pale ndani, tairi linapokaa, si kwenye kingo za nje. Lakini rula yake aliiweka juu ya kingo za nje. Alipima kina kutoka ukingoni, halafu akagawanya upana wa mahali pengine. Ni sawa na kupima mkono wa shati kutoka shingoni na kuukata kama uliopimwa kutoka begani. Nusu ya mia mbili na tatu ni mia moja na moja na nusu. Toa hiyo kwenye mia na arobaini na tano na nusu.

Arobaini na nne.

Alipima zile ringi nne mpya kwa namna hiyo. Arobaini na nne, arobaini na nne, arobaini na nne, arobaini na nne. Zilikuwa sawa tangu siku ya kwanza. Hazikuhitaji kitu. Kilichowashusha wagonjwa kumi na wanne kando ya barabara ni vile visahani alivyovionyesha watu kama picha za wajukuu.

Shangazi Futi alicheka. Kilikuwa kicheko kikavu, kifupi. "Mwanamke wewe," alijiambia, "umeshona suti kwa kusoma kola."

*

Mama Mwavuli alipoukunja mwavuli wake, Bosi alikuja mbio, na aliposikia, uso wake ulikunjuka.

"Basi tunavitoa tu! Nusu saa! Shangazi, tumepona." Halafu akasogea karibu. "Ila Matroni tumwambie visahani vilichongwa vibaya. Yule mzee wa mashine hamjui, hatakuja kumwuliza. Wewe jina lako linabaki safi."

Shangazi alimtazama. Alimwona mtoto wa miaka sita aliyevunja glasi na kusema ni paka. Wakati ule alimcheka. Sasa hakumcheka.

"Yule mzee alichonga nilichomwandikia. Kumi na mbili na nusu nimeandika mimi, kachonga kumi na mbili na nusu. Mkono wake haukutetemeka. Nimpake matope ili mimi nibaki safi?"

"Atakupeleka kwenye kiti, Shangazi. Atasema si amekiri mwenyewe?"

"Mficha uchi hazai, mwanangu. Nikificha hili, kesho fundi mwingine humu ndani atasoma namba ya kwenye ringi kama nilivyosoma mimi. Halafu safari ile tairi halitatoa moshi. Litapasuka." Akamkabidhi spana. "Sasa vua hilo shati jeupe unisaidie."

Walitoa visahani. Walirudisha bolti fupi za zamani, ambazo Shangazi alizihifadhi kwenye kopo la rangi na kuliandika, kwa kuwa zile ndefu zingegota ndani ya kofia za nati kabla ringi haijakazika, na nati inayogota humdanganya fundi kwamba imekaza. Tairi lililoliwa liliwekwa kando, likaja jingine. Nati zilikazwa kwa kuvuka, ya juu kisha ya chini, ya kulia kisha ya kushoto.

Saa kumi kamili Matroni aliingia. Alikuwa mwanamke mwembamba, mrefu, saa yake kifuani. Hakuketi.

"Nani anazungumza?"

"Mimi," alisema Shangazi, kabla Bosi hajakohoa. "Kosa lilikuwa langu, Matroni. Si la ringi, si la dereva, si la aliyechonga. Nilisoma upana ulioandikwa badala ya kuupima. Nikaongeza visahani visivyohitajika, vikalitoa gurudumu nje. Gari tupu lilipita. Mimi sikulijaribu na watu ndani. Hilo ni kosa la pili."

Bonge aliacha kugonga.

"Wagonjwa wangu walikaa juani saa nzima," alisema Matroni.

"Najua. Nitakuja kuwaomba radhi mwenyewe, kesho, kabla hawajapanda."

"Na mimi nitajuaje kwamba leo umepatia? Siku ile ulikuwa na uhakika vilevile."

Lilikuwa swali la haki, na Shangazi alilipenda. Alichukua kipande cha chaki kwenye mfuko wa aproni, chaki ya bluu ya washonaji, akainama, akapaka ukingo wa ndani wa madigadi manne, bila kuacha nafasi.

"Usiniamini mimi. Tupakie watu kumi na wanne twende kwenye matuta. Tairi likigusa, chaki itafutika. Ikifutika hata ukubwa wa ukucha, lipeleke ng'ambo, na mimi kiti changu kile pale."

Kumi na wanne walipatikana. Mafundi wote, Mama Mwavuli na karanga zake, wateja wawili waliokuwa wanasubiri magari, na Bosi.

"Bonge ahesabiwe wawili," alisema Kobe akiwasha injini.

"Nihesabu watatu, ili mradi nikae dirishani."

"Na uende mwendo wa kawaida leo," Mama Mwavuli alimwambia Kobe. "Tusije tukazeeka humu."

Matroni alikaa mbele. Shangazi alikaa nyuma kabisa kushoto, juu ya gurudumu lenyewe, amefumba macho, anasikiliza. Tuta la kwanza. Basi lilizama, likainuka. Tuta la pili. Kwenye la tatu Kobe, kwa mara ya kwanza katika historia yake, alikwenda kwa kasi kidogo, na kumi na wanne wakarushwa, karanga zikamwagika, Bonge akamkalia Bosi. Shangazi hakufumbua macho. Alikuwa anasubiri ile sauti ya kulia. Walipinda kulia, walipinda kushoto, wakageuza, wakayapita matuta yote tena.

Waliporudi uwanjani hakuna aliyeshuka kwanza. Walimwachia yeye. Alishuka, akapiga magoti nyuma kushoto, akapitisha kidole chake kwenye ukingo wa ndani wa madigadi. Akakitoa. Kilikuwa cha bluu.

Matroni aliinama mwenyewe, akapitisha chake, cha bluu pia. Akazunguka magurudumu mengine matatu, bila haraka, anainama na kuinuka kila moja, mpaka vidole vinne vikawa vya bluu. Halafu akatoa leso, akavifuta kimoja kimoja.

"Safari ni kesho saa kumi na moja alfajiri," alisema. "Kuna jingine la kufanya?"

"Likishatembea kilomita hamsini lirudi, nati zikazwe tena."

"Zikazwe na nani?"

Bosi alifungua mdomo. Akamwangalia shangazi yake, ambaye bado alikuwa amepiga magoti, futi shingoni, bluu kidoleni. Akafunga mdomo, akaufungua upya.

"Na yeye," alisema. "Magurudumu hapa anayeyashika ni yeye."

"Vizuri. Jumatatu, basi." Matroni alipanda garini. Kabla ya kufunga mlango alimwambia Shangazi, "Na kesho usichelewe. Yule bibi wa kiti cha mbele atakusema mpaka utamani kurudi nyumbani."

Basi lilipotoka langoni, Shangazi aliviokota visahani vyake vinne, akavitundika kwenye msumari juu ya benchi, pale ambapo kila mtu akichukua spana lazima avione. Chini yake, kwa chaki ya bluu, aliandika: PIMA UKINGO KWA UKINGO. Kisha akakumbuka ringi ya Mama Mwavuli, akainyanyua kutoka kwenye kiti. Mto ulikuwa umebaki na duara jeusi la grisi, pana, milimita mia nne na ushei.

"Kaa, mwanangu," alimwambia Bosi, akiiviringisha ringi kuelekea lango. "Simu inalia."